Kifungu cha Tisa

Malambo, Bariadi
14 Juni 1997

Baba Jeni,

Mwangaluka. Huku tunaamka salama. Jeni amepoteza jino la mbele na anakataa kucheka mbele za watu. Mama yako anakusalimu, anasema miezi mitano bila kukuona ni mingi.

Nakuandikia kwa haraka kwa sababu nahitaji kazi ya mkono wako. Unakumbuka ile mashine ya kutotolesha vifaranga ambayo masista wa parokia waliacha stoo walipoondoka? Parokia imeniuzia. Inachukua mayai mia tano. Nimeisafishia chumba kile cha nyuma, imekaa vizuri. Lakini inataka umeme usiku na mchana, siku ishirini na moja.

Umeme nimepata. Kile kinu kipya cha pamba, Igembe Pamba, kina jenereta kubwa kuliko haja yao, na meneja wao, Bwana Jilala, amekubali kuwauzia majirani. Nguzo tayari imesimama. Fundi wao anaitwa Marcelo, mtu wa Mwanhuzi, amevuta waya vizuri sana. Marcelo anasema chumba kina unyevu, swichi kubwa iinuliwe juu. Marcelo ndiye aliyenishtua pia: umeme ukikatika ghafla mayai yakiwa ndani, nani atawajibika? Anasema nisikubali maneno matupu, nidai mkataba.

Wewe si ndiyo kazi yako hiyo hapo ofisini, kuandika mikataba? Niandikie mmoja. Jilala amesema atausaini akiuona una haki.

Mkeo,
Kwandu

*

Mwanza
23 Juni 1997

Mama Jeni,

Barua yako nimeipata, na mkataba ndio huo umefungwa pamoja na hii, nakala tatu. Nimeupiga chapa mwenyewe.

Nimeweka hivi. Kifungu cha sita: wakitaka kuzima kwa matengenezo, wakupe taarifa ya maandishi siku moja kabla. Cha saba: umeme ukikatika bila kutarajiwa, wakujulishe ndani ya saa moja na wawe wamerudisha ndani ya saa sita, wakishindwa, watakulipa mayai yote yaliyoharibika. Cha nane: hawatawajibika kwa radi, mafuriko, vita na mengine yaliyo nje ya uwezo wao, wala kwa ucheleweshaji uliosababishwa na wewe mteja. Hicho cha mwisho lazima kiwemo, hakuna kampuni itakayosaini bila hicho.

Cha tisa nakuomba usikiguse. Kinasema: "Fundi wa kampuni hataingia katika chumba cha mashine isipokuwa mume wa mteja, au mwakilishi wake aliyeteuliwa kwa maandishi, awepo." Nimemteua kaka Mihayo. Anakaa hapo hapo Malambo, hatapata taabu kuja.

Usiniulize kwa nini. Katika barua yako huyo Marcelo umemtaja mara tatu. Mimi hukunitaja jina hata mara moja.

Mumeo,
Mboje

*

Bariadi
6 Julai 1997

Baba Jeni,

Mkataba umesainiwa jana.

Kifungu cha tisa Jilala alikisoma mara mbili, akaniangalia, akacheka hadi akavua miwani. Akasema, "Mama, mumeo yuko Mwanza lakini ameweka mguu mlangoni." Mimi sikucheka. Aliniuliza kama nataka kifutwe, maana kwake hakina faida. Nikamwambia kiache kilivyo.

Na jina lako ni Mboje. Nimelitaja.

Kwandu

*

Mwanza
4 Agosti 1997

Mama Jeni,

Mwezi mzima nimepata barua yenye mistari sita.

Niambie: fundi amekuja mara ngapi tangu mwezi wa saba uanze? Alikuja kufanya nini? Kaka Mihayo alikuwepo kila mara, tangu anaingia hadi anatoka? Nimemwandikia na yeye aniambie, ili nione kama maneno yenu yanafanana.

Usidhani nakushuku. Mke wa mtu akiwa na mashine yenye hitilafu kila wiki, watu husema.

Mboje

*

Bariadi
31 Agosti 1997

Baba Jeni,

Kundi la kwanza limetoka! Mayai mia tano, vifaranga mia nne na kumi na viwili. Ungesikia kelele. Jeni alikaa chini sakafuni akawaacha wampande miguuni, na akasahau kuficha pengo lake. Wanawake wa Bukundi walikuja wawili kuangalia, wakarudi wakiwa wamebeba thelathini kila mmoja. Sasa watu wananiletea mayai yao niwatotoleshee, na sokoni wananiita Mama Vifaranga.

Umeme ulikatika mara moja tu, kwa muda wa saa mbili na nusu, na walinijulisha mapema kama kifungu kinavyotaka. Mkataba wako ni mzuri, Baba Jeni. Nakwambia kweli. Jilala mwenyewe ameomba nakala akautumie kwa wateja wengine.

Umeuliza fundi. Alikuja mara mbili. Mara zote mbili alisimama uani na kofia mkononi hadi shemeji Mihayo alipofika. Shemeji huja na kigoda chake, anakaa katikati ya chumba, anamtazama Marcelo kama anayetazama ng'ombe mnadani. Mara ya pili alisinzia. Marcelo akamaliza, akamwamsha ili atoke kihalali.

Mwezi ujao utapata likizo? Chumba chetu nimekipaka chokaa.

Kwandu

*

Mwanza
12 Oktoba 1997

Mama Jeni,

Likizo haitawezekana. Kazi ni nyingi.

Juzi nilikutana na mtu wa Bariadi kituo cha basi, sikumfahamu. Nikamtajia kwetu ni Malambo. Akasema, "Ah! Jirani na Mama Vifaranga!" Akaanza kunieleza habari zako: mashine, wateja hadi wa Meatu, padri aliyekutaja kanisani baada ya misa. Nikamwacha anieleze mke wangu hadi basi likaondoka. Sikumwambia mimi ni nani. Ningemwambia nini? Baba Vifaranga?

Halafu akasema, "Ana fundi mmoja hodari sana, yule Marcelo, ndiye anayemsaidia kila kitu." Kila kitu. Ndivyo alivyosema.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kuanzia sasa kaka Mihayo akiwa hayupo, huyo mtu asikanyage hata uani. Nimempa Jilala maelezo hayo kwa barua, kwa jina langu kama mume wa mteja. Nimemkumbusha kwamba mfanyakazi wake akivunja kifungu cha tisa, kampuni imevunja mkataba mzima na nitaishtaki.

Mboje

*

Bariadi
22 Novemba 1997

Baba Jeni,

Mayai yamekufa.

Nataka nikueleze taratibu ili uelewe vizuri.

Jumatatu ilikuwa siku ya kumi na nane. Mayai mia nne themanini, na zaidi ya nusu ni ya watu, si yangu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumamosi. Saa mbili asubuhi nikasikia harufu ya kitu kinachoungua, taa ya mashine ikazima. Nikatoka nje kutazama: kwa jirani taa inawaka. Basi shida ilikuwa ndani kwangu, kwenye swichi.

Nikakimbia kwenye kinu. Marcelo akaja na mkoba wake. Akasimama nje ya ua, nje kabisa, barabarani, mvua ikimpiga. Akasema, "Mama, mwite shemeji yako." Nikaenda kwa shemeji Mihayo. Mkewe akaniambia ameondoka Jumapili kwenda Lingeka kuangalia ng'ombe wake, atarudi leo au kesho, inategemea njia.

Nikarudi. Nikamwambia Marcelo, ingia. Akasema hawezi. Nikamwambia mimi ndiye mteja, mimi ndiye niliyesaini, nakuruhusu, ingia! Akatoa mfukoni karatasi ya Jilala: akikanyaga uani bila Mihayo hana kazi. Nikaenda kwa Jilala mwenyewe, matope hadi magotini. Akaniambia, "Mama, mimi nilikuuliza nikifute, ukasema kiache. Sasa mumeo ameandika atanishtaki. Atakuja kunitetea nani?"

Nilipasha maji nikajaza chupa nikazipanga kati ya trei. Nikaleta jiko la mkaa, moshi ukajaa, nikalitoa. Niligusisha yai moja shavuni, lilikuwa la baridi kama jiwe la mtoni. Ndani ya hilo yai kifaranga alikuwa ameshaota manyoya, Baba Jeni. Siku ya kumi na nane wanakuwa na manyoya.

Mwisho nikafungua kisanduku cha swichi mimi mwenyewe, nikaondoa waya ulioungua, nikafunga mpya. Umeme ukawaka saa kumi jioni. Saa nane zilikuwa zimepita.

Yametotoleka sitini na moja. Mengine nimeyafukia nyuma ya choo. Jilala anasema hatalipa hata yai moja, kwa sababu ucheleweshaji umesababishwa na mteja. Kifungu cha nane. Umekiandika wewe.

Wenye mayai wameanza kuja. Mama mmoja amekaa uani tangu asubuhi.

Kwandu

*

Mwanza
28 Novemba 1997

Kwandu,

Pole kwa hasara.

Lakini kuna jambo moja umelipita upesi sana. Umefungua kisanduku cha umeme "mwenyewe". Wewe, ambaye ulikuwa unaogopa kubadilisha balbu. Nani alikufundisha?

Kaka Mihayo ameniandikia. Alifika kutoka Lingeka saa kumi. Alimkuta fundi dirishani kwako, nyuma ya nyumba, amelowa chapachapa, mikono imeingia ndani ya nondo, na wewe upande wa ndani unacheka na kulia. Hilo hukuliandika. Uliandika alisimama barabarani.

Basi alitoka barabarani akafika dirishani. Na ulimficha. Mtu hafichi kitu kisicho na maana.

Mayai yanapatikana. Nijibu hilo la dirishani.

Mboje

*

Igembe Pamba, Bariadi
5 Desemba 1997

Bwana Mboje,

Hatujaonana. Mimi ni Marcelo, fundi. Mama Kwandu hajui kwamba nakuandikia. Kaka yako ndiye aliyenionyesha barua uliyomwandikia, kwa hasira, akitaka nikane. Sikani.

Nilifika dirishani saa saba. Dirisha la nyuma linaangalia shamba la jirani, na jirani aliniruhusu kusimama kwenye shamba lake. Uani kwako sikukanyaga. Nilikuwa nimezima umeme kwenye nguzo, nikampitishia bisibisi na plaizi kati ya nondo. Nikamwambia, "Skurubu ya kushoto kwanza." Akasema mikono yake haijawahi kushika bisibisi. Nikamwambia basi leo ishike, ifungue. Mara tatu alikosea, mara tatu tukaanza upya. Nilikuwa naona kisanduku kwa pembeni tu, mengine alikuwa ananieleza kwa maneno, waya wa rangi gani uko wapi. Ilituchukua saa tatu kazi ambayo mimi ningeifanya kwa robo saa. Nilikuwa umbali wa hatua nne kutoka kwenye swichi. Umeme ulipowaka alicheka na kulia, kweli. Na mimi nililia. Kaka yako alipofika, nilikuwa bado napokea vifaa vyangu.

Kama hakukuandikia, nadhani ni kwa kunilinda. Jilala angeweza kusema hata dirisha ni chumba.

Sasa na mimi niseme langu. Barua yako ya Oktoba ilibandikwa ukutani ofisini, chini ya ratiba. Wenzangu walikuwa wanaisoma kwa sauti wakati wa chai. Nina miaka kumi na tisa katika kazi hii. Nimeingia nyumba za watu wengi, wagonjwa, wajane, mabinti. Hakuna aliyewahi kuniandika mwizi kabla sijaiba. Wewe ulitumia karatasi ya kisheria yenye stempu.

Mkeo namheshimu. Ukiniuliza kama kuna zaidi ya hapo moyoni mwangu, hilo halimo kwenye mkataba na sitalijibu. Kwake sijalitamka, wala sitalitamka. Nimeomba kazi kwenye kinu kingine, Mwanhuzi, kwa mke wangu na watoto. Naondoka mwisho wa mwezi.

Marcelo

*

Mwanza
11 Desemba 1997

Kwandu,

Nimeandika barua hii mara nne.

Sina kazi. Walitupunguza mwezi wa tatu, sisi kumi na wanane kwa siku moja. Walisema ushirika hauwezi tena, pamba sasa ni ya kila mwenye fedha za kuinunua. Nilipewa barua yenye shukrani na nusu ya kile walichoahidi. Tangu hapo napiga chapa kwenye kibaraza cha duka, karibu na mahakama. Mashine si yangu, nimeikodi. Mkataba wako niliupigia pale, watu wakiwa wamesimama foleni nyuma yangu.

Nilitaka kukuambia. Halafu barua yako ya mwezi wa sita ikafika, umenunua mashine, umepata umeme, unaniomba kazi ya ofisi ambayo sikuwa nayo tena. Kila ulipoendelea nilishindwa zaidi kusema. Uliponiandikia vifaranga mia nne nilikuwa sijala tangu jana yake, na badala ya kufurahi niliichana bahasha.

Nilijiambia ni Marcelo. Ilikuwa rahisi kumchukia Marcelo. Lakini yule mtu wa kituo cha basi hakuniumiza alipomtaja fundi. Alishaniumiza kabla, alipokutaja wewe kwa furaha ile. Nilikuonea wivu wewe, mke wangu. Nilitaka pawe na kitu kimoja katika kazi yako ambacho hakiwezi kufanyika bila mimi. Nikakipata, na nimeua mayai ya watu.

Nimemwandikia Marcelo kumwomba radhi. Nimemwandikia Jilala ile ya Oktoba aiondoe ukutani. Sijui nikuandikie nini wewe.

Mboje

*

Bariadi
18 Desemba 1997

Mboje,

Nilijua.

Shija, yule mnunuzi wa pamba wa Somanda, alikuona kibarazani mwezi wa sita. Alikuja kuniambia kwa sauti ya chini, kama anayeleta habari za msiba. Hiyo ilikuwa siku tatu kabla sijasaini. Nilikuwa na mkataba wako mezani, nimeshika kalamu nikifute kifungu cha tisa, maana nilikiona ni cha kipuuzi na cha kunidhalilisha. Aliposema hayo nikaiweka kalamu chini. Nikasema moyoni, huyu mtu amenyang'anywa kila kitu, acha nimwachie hiki. Ndiyo maana Jilala aliponiuliza nilisema kiache.

Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe. Kila barua yako niliifungua nikitafuta neno hilo, nikakuta Marcelo, Marcelo. Ningeweza kukuuliza. Sikukuuliza. Nilijiona mke mwema. Kwa hiyo yale mayai tumeyaua wawili, na yule mama aliyekaa uani siku nzima anatudai wote.

Nimeshamlipa kwa kuku. Wengine pia, nusu. Nusu iliyobaki wamekubali kusubiri kundi la Februari.

Hilo la dirishani nitalijibu, kwa kuwa uliuliza. Marcelo ameniambia amekueleza alichofanya. Mimi nakueleza nilichohisi. Kwa saa tatu kulikuwa na mtu anayeniambia unaweza, jaribu tena, na nilikuwa naweza. Nilifurahi. Katikati ya mauti yale yote nilifurahi, na sikukuandikia kwa sababu furaha hiyo nilitaka inipate kutoka kwako. Hakuna kingine. Amekuja kuaga jana, alisimama barabarani. Nilimwambia aingie anywe chai, shemeji Mihayo akiwa hayupo. Akanywa, akaenda.

Mkataba mpya nimeuandika kwa mkono wangu na Jilala amesaini. Vifungu vyako vya sita na saba vimebaki neno kwa neno, sikupata vya kuvizidi. Cha tisa sasa kinasema fundi ataingia mara tu atakapoitwa, saa yoyote, na mteja akiwa hayupo atafunguliwa na yeyote aliyemo nyumbani. Na wametakiwa kuweka jiko la mafuta ya taa la akiba hapa hapa, kwa gharama yao. Jilala alinung'unika, akasaini.

Rudisha hiyo mashine ya kukodi uje nyumbani. Huku kila wiki kuna mnunuzi mpya wa pamba, na wakulima wanawekeshwa dole gumba kwenye karatasi ambazo hakuna aliyewasomea. Wiki iliyopita mzee mmoja wa Nkololo amegundua ameahidi pamba ya misimu mitatu. Kuna kazi hapa ya mtu anayejua vifungu. Utaifanya kwa jina lako, mbali na chumba changu cha mashine.

Bado nina hasira, na usitegemee nitakupokea stendi. Jeni atakuja, amekua. Mimi utanikuta nageuza mayai, hugeuzwa mara tatu kwa siku. Ukifika usiniulize nani amekuja leo. Nawa mikono, shika trei ya chini, ile ya juu nimeishika mimi.

Kwandu